Ukoo Usiotaniwa

Ukoo wetu unaheshimiwa sana kule kijijini, na nimeona nieleze jinsi tulivyofikia hali hiyo mbaya.

Sisi ni Wagogo wa upande wa Mpwapwa. Kwetu kila ukoo una ukoo mwingine ambao ni watani wake, na jambo hilo halichaguliwi, mtu anazaliwa nalo. Mtani anaweza kuingia kwako asubuhi, akamkamata jogoo wako, akaondoka naye mbele ya macho yako huku akikutukana, na wewe huruhusiwi kukasirika. Kesho yake unamfuata, unamtukana na wewe, mnacheka, unamkomboa jogoo kwa kitu kidogo. Au humkomboi, unangoja siku yako ya kuchukua. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayewafanya watu waweze kupumua. Anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Analala kaburini kabla ya mwenyewe na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hapo ndipo wanapojua kwamba wataishi.

Sisi hatukuwa na hayo. Watani tulikuwa nao, wanakaa ng'ambo ya korongo, na mji wao unaonekana kutoka uani kwetu. Lakini walikuwa wanatuheshimu. Nilipokuwa mtoto, nikitumwa dukani nikakutana na mtu mzima wa ukoo ule, alikuwa ananipisha njia. Mtoto mwenye kamasi napishwa njia na mzee mwenye mvi. Kwa wenzangu watani walikuwa wakiingia wanafunua masufuria na kutangaza kwamba mlenda wa nyumba hiyo unanuka miguu. Kwetu walikuwa wanabisha hodi, wanakaa kwenye ncha ya kiti, wanasema walichotumwa, wanaaga. Nilidhani ni kwa sababu ya bati.

Maana nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kuezekwa kwa bati katika eneo lile, wakati wengine wote wakiwa kwenye tembe, zile nyumba zetu za udongo zenye paa la udongo. Aliyeijenga ni babu, mzaa baba. Alikuwa jumbe wakati wa Waingereza. Ukimsikiliza bibi yangu akieleza kazi ya jumbe ungedhani alikuwa waziri, lakini kwa vitendo kazi ilikuwa moja tu, kukusanya kodi. Aliifanya vizuri. Kwa kuifanya vizuri alipata bati, na kwa sababu ya bati wamisionari waliona hapa kuna familia yenye mwelekeo, wakampeleka baba shuleni. Baba akasomea mifugo, akawa afisa mifugo, akapata mshahara na pikipiki ya serikali. Kwa mshahara ule tukasoma mimi na mdogo wangu.

Mimi nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Kizota, mjini Dodoma, mashine mbili na wafanyakazi wabishi. Mdogo wangu wa kiume alikwenda mbali zaidi. Anafundisha historia ya uchumi chuo kikuu, na ana somo zima kuhusu ukoloni. Aliwahi kunionyesha kwenye kompyuta slaidi yenye safu mbili, kushoto faida, kulia hasara. Kushoto kulikuwa na reli, shule, hospitali na mazao ya biashara. Kulia kulikuwa na maneno marefu zaidi, mengi yanaanza na "kudhoofishwa kwa". Nilimwuliza sisi tuko safu gani. Alisema slaidi ile ni ya mwaka wa pili, haiendi kwa undani.

Baba alianza kuumwa mwaka juzi. Mama alikuwa ameshafariki zamani, kwa hiyo karibu kila mwisho wa wiki nilikuwa napanda basi la Mpwapwa na gunia la mashudu kwa ajili ya ng'ombe wake wachache, halafu bodaboda mpaka kijijini. Nilikuwa namkuta barazani, amekonda, anakemea ng'ombe wa watu wanaopita barabarani kwa sababu ya afya zao. Siku moja nikiwa namkata kucha aliniambia, bila kutanguliza lolote:

"Nikifa, mdogo wako ataleta turubai na spika. Mwache alete. Lakini mimi nataka watani."

"Watakuja, baba. Hawajawahi kukosa msiba wetu."

"Wanakuja kutoa pole. Sitaki pole. Nataka mtu alale kwenye kaburi langu aseme linanuka."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akavuta mkono wake, akatazama ng'ambo ya korongo, na akanieleza habari ambayo nilikuwa nimeishi ndani yake maisha yangu yote bila kuambiwa.

Ulikuwa mwaka wa ukame, alisema, na kodi haikuwa ikitoka. Majumbe wa sehemu nyingine walikuwa wakienda na askari. Watu walikimbilia porini na mifugo yao, wengine wakafungwa, wengine wakapigwa, na kelele zikafika bomani kwa mkuu wa wilaya Mwingereza, ambaye hakupenda kelele. Babu naye hakuzipenda. Akakaa akafikiri. Kisha asubuhi moja akavuka korongo peke yake, bila askari, ana fimbo tu, anacheka. Alianza kuwatukana watani wake akiwa bado mbali. Nyie mafukara, ng'ombe hawa mmewaiba kwa nani? Leo nawachukua, mtabaki kukamua mbuzi dume. Nao wakamjibu, wakamtukana zaidi, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akaingia zizini, akachagua, akawatoa. Hakuna aliyemzuia, kwani nani anamzuia mtani? Walijua kesho yake watamfuata na kuku, watamwita mwizi mbele ya wake zake, na ng'ombe watarudi nyumbani.

Kesho yake ng'ombe walikuwa bomani. Kesho kutwa walikuwa mnadani.

"Walipokuja aliwapokea vizuri," baba alisema. "Aliwapa viti. Akawaambia msiwe na wasiwasi, kodi yenu imeshalipwa, hakuna atakayefungwa. Na ni kweli ilikuwa imelipwa. Aliwaokoa na jela. Alisema hivyo mpaka anakata roho, kwamba yeye ndiye jumbe pekee ambaye watu wake hawakuguswa na kiboko."

"Na wao?"

"Mwaka uliofuata alivuka tena anacheka. Akawakuta wamesimama mstari, ng'ombe wamefungwa kamba tayari. Wakamwamkia. Wakamkabidhi. Wakamshukuru." Baba akageukia tena korongo. "Hawajamtania mtu wa kwetu tangu siku hiyo. Mkuu wa wilaya alifurahi sana, alisema hajawahi kuona eneo lenye utulivu namna ile. Bati lilikuja mwaka huo."

Nikamwuliza kama yeye mwenyewe hakujaribu kuyamaliza. Alikasirika kuulizwa. Alisema alijaribu miaka yote aliyofanya kazi. Aliwachanja ng'ombe wao kabla ya kuchanja wetu. Ng'ombe wao mmoja aliposhindwa kuzaa, alikaa naye siku nzima mkono wake ukiwa ndani mpaka begani, akamtoa ndama mzima.

"Unajua walifanya nini?"

"Walikushukuru."

"Walinishukuru!" akasema baba, na akagonga mkono wa kiti. "Mtu umejaa mavi ya ng'ombe mpaka kwenye nyusi, na hakuna mmoja aliyeona la kusema!"

Nilirudi Kizota nimeudhika. Nilimwudhikia babu, ambaye sikuwahi kumwona, na nikajiudhikia mwenyewe kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya mashine zangu na sikuona hata moja ambayo ningeweza kuirudisha ng'ambo ya korongo. Ukifuatilia mtaji wangu unafika kwa baba, ukifuatilia wa baba unafika kwa babu, ukifuatilia wa babu unafika zizini kwa watu. Lakini nilikuwa nimeagizwa kitu kimoja na baba, na mimi nikiagizwa kitu huwa nakifanya. Nikaamua kwamba kama wao hawaanzi, nitaanza mimi.

Nilifanya mazoezi ya kutukana wiki nzima. Wafanyakazi wangu walinisaidia. Mmoja wao, Mnyaturu mwenye mdomo mchafu sana, alinisikiliza akatikisa kichwa. Alisema tatizo langu natukana kama mtu anayesoma tangazo.

Jumamosi nikavuka korongo, lenye mchanga mtupu wakati ule wa kiangazi, na dumu la mafuta ya alizeti mkononi. Mkubwa wa ukoo ule sasa ni bibi mmoja mrefu, amekauka, sauti yake nzito. Nilimkuta uani anapepeta uwele, wajukuu wamemzunguka. Nikasimama, nikavuta pumzi, na nikasema kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kwetu:

"Nyie bado mnaishi? Nilidhani njaa ilishawamaliza!"

Wajukuu wakaacha kucheza. Kuku mmoja akaondoka. Yule bibi akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akasimama kama mtu anavyomwinukia mgeni wa serikali.

"Tunaishi, mama. Mungu ametusaidia. Karibu kiti."

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikakaa. Nikampa shikamoo, ambayo ilipaswa kuwa imetangulia, nikampa dumu la mafuta, akanishukuru kwa mafuta, wakwe zake wakanishukuru, wajukuu wakaambiwa wanishukuru nao wakanishukuru mmoja mmoja. Baada ya hapo sikuwa na ujanja mwingine. Nikamweleza wazi kwamba baba anaumwa, kwamba hatapona, na kwamba ameomba watani waje wamzike kama watani.

Akaketi, akaanza kusema taratibu, huku anaokota mbegu za uwele zilizoanguka kwenye kitenge chake.

"Siku ile nilikuwepo. Nilikuwa mtoto, meno ya mbele hayajarudi. Baba yangu mwenyewe ndiye aliyefungua zizi. Kulikuwa na ng'ombe mweusi mwenye baka, alikataa kutoka, baba akamsukuma kwa bega anacheka. Na mimi nilicheka. Babu yako alijua kuchekesha kuliko watu wote wa huku."

"Na kesho yake, bibi?"

"Kesho yake baba alikwenda na kuku. Akarudi na kuku."

Alisema bila hasira yoyote, na mimi nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ile mamlaka ya maji walipokuja kukata bomba la kiwanda mbele ya wateja. Nikamwuliza kama watakuja. Akasema watakuja, lini wamekosa? Nikamwuliza, je, na utani? Akachukua ungo wake, akaanza tena kupepeta.

"Mwambie baba yako apone kwanza. Asitusumbue."

Sikujua niichukue vipi. Nilipompelekea baba maneno hayo alinitaka niyarudie kama yalivyosemwa, na sauti yake. Nikayarudia. Alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Asitusumbue," akasema. "Hilo linakaribia kuwa tusi."

Alifariki kabla ya mvua, kitandani kwake, mimi nimeshika mkono mmoja na mdogo wangu amefika kushika wa pili. Nilimlilia sana baba yangu. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Mdogo wangu akachukua usimamizi wa msiba, na lazima niseme ukweli kwamba anajua kusimamia. Nilikuwa nimeshamweleza habari yote ya watani, kuanzia zizini mpaka kwenye ungo. Alisikiliza vizuri, yeye ni msikilizaji mzuri, akasema huo ni mfano bora wa jinsi utawala wa kikoloni ulivyotumia taasisi za jadi kupunguza gharama za ukusanyaji, na kwamba siku moja atauandikia makala. Kisha akafungua simu akawaongeza kwenye ratiba. Salamu za diwani. Salamu za wastaafu wa mifugo. Salamu za watani, dakika tano.

"Utani haupangiwi ratiba," nikamwambia.

"Dada, bila ratiba tutazika gizani."

Alikuwa na machozi machoni aliposema hivyo, na ratiba ndiyo kitu pekee alichokuwa ameshikilia, nikamwacha.

Siku ya mazishi turubai lilifungwa toka asubuhi. Viti vya plastiki vilipangwa mpaka barabarani, kwaya ilikuja na kinanda, wanafamilia tulivaa kitenge cha aina moja, na nakala za ratiba ziligawiwa kila kiti. Watani walikuja mapema, wote, wazee kwa vijana, wamevaa nguo zao za kanisani. Walitupa pole mmoja mmoja, wanaume wamevua kofia, wanawake wamepiga magoti. Kisha wakaenda kukaa nyuma kabisa. Nikawatazama walivyokuwa wametulia pale. Nikamwambia baba kimyakimya anisamehe, nimeshindwa.

Mdogo wangu akasimama kando ya jeneza na kipaza sauti, akaanza kusoma wasifu wa marehemu. Anasoma vizuri, ndiyo kazi yake. Alisoma kwamba marehemu alizaliwa katika familia ya uongozi, familia iliyoaminiwa na wananchi wa eneo hili.

Hapo yule bibi akainuka. Alikuja katikati ya viti na fimbo yake, bila haraka, watu wanavuta miguu apite. Alipofika kwenye jeneza akaligonga kwa kichwa cha fimbo.

"Hodi! Daktari wa ng'ombe! Toka humo, unajifanya umelala, leo ni zamu yetu!"

Watu wakaganda. Yeye akageuka, akamkuta diwani kwenye kiti cha mbele, akamshika taya, akamfunua mdomo na kuchungulia meno yake, vile vile kabisa baba alivyokuwa akifanya kwa madume mnadani, kichwa ameinamisha upande, jicho moja amelifinya.

"Huyu kazeeka. Wa kuchinja."

Akarudi kwenye jeneza. Akainua fimbo, akaichoma juu ya kifuniko.

"Miaka yote umechoma ng'ombe wetu sindano, hukuuliza hata mmoja kama inauma. Haya, inauma?" Akaweka sikio kwenye ubao. Akasikiliza. Akatuangalia sisi wafiwa kwa uso mkavu. "Anasema inauma."

Kule nyuma mtu mmoja akatoa kicheko kupitia puani. Akafuata wa pili. Mimi nikahisi kitu kinapanda kutoka tumboni, kinakuja chenyewe kama chafya, na nikaelewa kwamba nipo karibu kucheka kwenye msiba wa baba yangu, kama watu wengine wote wanavyocheka kwenye misiba ya baba zao.

"Wapendwa," kipaza sauti kikasema. "Tunaomba utulivu. Mama yetu huyu ameguswa sana na msiba. Wahudumu, naomba mumsaidie mama akae."

Wahudumu wawili wakaja mbio. Walikuwa wapole sana. Walimshika mikono, wakamwambia pole mama, ni kazi ya Mungu, wakamkalisha kwenye kiti cha mbele kilichokuwa na kitambaa cheupe. Mmoja akamfungulia chupa ya maji. Mwingine akampepea kwa ratiba. Nilipiga kelele, "Mwacheni!" lakini kwaya ilikuwa imeshaanza, kwa sababu kwaya ilikuwa imeagizwa kwamba likitokea lolote waimbe.

Nilitaka kumpiga mdogo wangu kwa kitu chochote kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa shada la maua. Nikaliacha, nikaenda nikapiga magoti mbele ya yule bibi.

"Bibi, endelea. Nakuomba. Hakujua."

Alikuwa ameshika chupa ya maji kwa mikono miwili, hajainywa. Mhudumu alikuwa amemwonyesha kwenye ratiba mahali palipoandikwa watani.

"Hakuna shida, mama," aliniambia. "Zamu yetu bado."

Zamu yao ikafika. Mdogo wangu aliwaita kwa furaha kabisa, akasema sasa karibuni watani wetu mtutanie, huu ni utamaduni wetu na tunautunza. Akakaa, akaegemea kiti, akajiandaa kucheka. Yule bibi akasimama, akashikiwa kipaza sauti.

"Ndugu wafiwa. Kwa niaba ya ukoo wetu tunawapa pole nyingi. Marehemu alikuwa mtu mwema. Alitusaidia sana mifugo yetu. Tunawashukuru kwa heshima mliyotupa."

Akakaa. Watu wakapiga makofi. Hata dakika tano hazikuisha.

"Umeona?" mdogo wangu alininong'oneza. "Wameongea vizuri."

Nikamwambia alichokifanya. Nilimwambia kwa maneno machache na mengine hayakuwa ya kuandikika. Nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake, akafika kwenye fimbo na jeneza, na uso wake ukabadilika rangi. "Dada, nilidhani ana uchungu," alisema, na akarudia, nilidhani ana uchungu. Siwezi kusema alidanganya. Mtu hajataniwa maishani mwake, angeutambuaje utani ukija? Mimi mwenyewe niliutambua kwa sababu nilikuwa nimetumwa kuuomba. Angeweza kuwaeleza wanafunzi wake saa nzima jinsi ulivyopotea, na ulipotembea mpaka mbele yake na fimbo, aliuitia wahudumu.

Tukazika. Kaburi lilikuwa limesakafiwa kwa saruji, pembe zake zimenyooka, na hakuna aliyelala ndani yake wala kulisemea neno.

Baada ya chakula nilikwenda nyuma ya jiko kutafuta mahali pa kulia peke yangu. Nikakuta pana watu. Alikuwepo mkwe wa yule bibi, mwanamke wa rika langu, pamoja na wanaume wawili wa ukoo wao. Mmoja alikuwa amevaa koti refu la kaki juu ya shati la kanisani, na tumbo lake lilikuwa kubwa kupita kiasi. Mwingine alikuwa na gunia mgongoni na pembe za ng'ombe zimefungwa kichwani kwa kamba, na yule mwanamke alikuwa anahangaika kuifungua kamba hiyo. Waliponiona wakasimama wima.

"Tusamehe, mama. Tunaondoka sasa hivi."

"Hii ni nini?"

Mwanamke aliwatazama wenzake. "Ilikuwa ya utani."

"Wa nani?"

"Huyu ni babu yako," akasema, akionyesha koti. "Huyu ni ng'ombe wetu. Bibi alikuwa aanze na baba yako, watu wachangamke, halafu hawa waingie."

"Waingie wafanye nini?"

"Jumbe anakuja anacheka, anachukua ng'ombe. Ng'ombe anagoma, anasukumwa kwa bega. Tunamtukana. Halafu mzee wetu anakuja na kuku."

"Halafu?"

"Halafu jumbe anapokea kuku, anarudisha ng'ombe." Kamba ikafunguka, akaanza kuikunja mkononi. "Inaishia hapo. Bibi alisema iishie hapo."

Yule mwanamume wa koti akafungua vifungo, akatoa tumboni mto aliokuwa ameujaza. Ulikuwa mto wa kwetu, wenye foronya ya maua. Walikuwa wameingia chumbani kwetu asubuhi wakauchukua bila kuomba.

Aliukung'uta vumbi, akanikabidhi kwa mikono miwili, akaniomba radhi.